Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kabla ya programu, chumba chenye mlango

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya.
Nakala: Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

YAH: HUDUMA YA AFYA YA AKILI KWA NJIA YA SIMU NA MTANDAO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeanza hivyo kwa mazoea. Miaka 21 ya utumishi imenifundisha kuandika barua zinazoanza kwa kuhusika na kuishia kwa kuwasilisha, na nyingi zimelala kwenye mafaili ambayo hata panya wameyachoka. Hii nimeamua kuiandika hadharani, na hapo katikati nitasema kama ninavyosema na wagonjwa wangu.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali moja ya wilaya, milima ya Usambara. Huku kwetu habari za magonjwa ya akili ni za zamani kuliko wengi wanavyodhani. Pale Lutindi, juu ya Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 kwa kulea watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 mahali pale pakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ipo hadi leo, chini ya KKKT. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, mwaka 1927, wakati wa Mwingereza, na jina lake tukaligeuza tusi. Mtoto akivuka mpaka kidogo anaambiwa atapelekwa "Milembe". Mtu mzima akigombana na jirani, hivyo hivyo.

Sasa chukua mama wa miaka 34 anayeshuka na basi la alfajiri kutoka vijiji vya juu ya Mlalo. Kliniki yangu ni Jumatano, na kila mtu kwenye basi anajua kuwa ni Jumatano. Nauli ni shida yake ya pili. Ya kwanza ni macho ya abiria wenzake.

Huyu mama nitamweleza kwa ruhusa yake, nikiwa nimebadilisha mambo mawili matatu. Kliniki alikuja mara mbili tu. Mara ya kwanza aliletwa na dada yake, miezi minne baada ya kujifungua, akilalamika kwamba kichwa kinajaa na mwili hauna nguvu. Mara ya pili alikuja peke yake, mtoto mgongoni. Ya tatu hakuonekana. Namba yake nilikuwa nayo, nikampigia. Alipokea, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya sokoni: "Karoti bado hazijakomaa, nitakwambia." Akakata.

Nikadhani nimekosea namba. Jioni akanibipu. Nilipompigia alikuwa amepanda hadi kwenye mparachichi ulio juu ya shamba lao, kwa kuwa hapo ndipo mtandao unaposhika. Ile simu ya kwanza, akanieleza, mamamkwe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka alipo. Tangu siku hiyo tukawa na neno letu. Akitaja karoti, mimi nakaa kimya. Anauliza bei ya gunia, anajijibu mwenyewe, anamsalimia mpita njia, anaulizia mgonjwa wa nyumba ya pili, wanacheka. Kisha nasikia pumzi ndefu, na sauti inarudi chini ilikokuwa. "Sista, upo?" Nipo. Kuna siku katika dakika 20 za maongezi yetu karoti zilikula dakika nane. (Neno lenyewe tumeshalibadili, kwa hiyo kulitaja hapa hakuharibu kitu.)

Chini ya mparachichi ule ndipo aliponiambia jambo ambalo kliniki hakulisema hata mara moja: kwamba kuna usiku humtazama mtoto akiwa amelala, akaona heri mtoto abaki na watu wengine, yeye asiwepo. Kwa nini hakulisema kliniki? Kwa sababu kliniki yangu, Mheshimiwa, ni kona ya wodi iliyozibwa kwa pazia, na upande wa pili wa pazia wanapima presha. Nami nikiwa ndani namsikia muuguzi mwenzangu akisoma namba, mia na thelathini kwa themanini. Kama mimi namsikia yeye, na yeye anatusikia sisi.

Tulizungumza hivyo kwa miezi kadhaa. Sasa analala usiku, analima, mtoto anatambaa. Kama amepona, hilo neno namwachia alitamke mwenyewe.

Nimekuja kuambiwa kwamba nilichokuwa nikifanya kinaitwa tiba mtandao. Mimi nilidhani ni kupiga simu.

Na niliipiga kwa vocha yangu. Silalamiki sana kuhusu vocha. Kuna wenzangu wanaonunua glovu. Lililoniuma ni jingine. Siku moja kiongozi wangu wa kazi, ambaye simtaji yeye wala hospitali, alinitaka niandike barua ya kujieleza kwa nini naonekana na simu sikioni saa za kazi. Niliandika. Na hata nilipokuwa naandika niliona kwamba, kwa upande wake, alikuwa na hoja: kwa mujibu wa makaratasi, sikuwa nafanya kazi. Kitabu cha MTUHA cha wagonjwa wa nje kina mstari kwa kila aliyefika. Hakina mstari wa aliyepigiwa. Jumatano moja nilihudumia watu wanne kwenye benchi na saba kwa simu, na mwezi ulipofungwa ikasomeka siku hiyo nimehudumia wanne. Hesabu hizo hupanda wilayani, zikaenda mkoani, zikafika mezani kwako, zikakueleza kwamba wagonjwa wa akili wa huku milimani wamepungua. Wamepungua kwenye benchi.

Mwaka jana tuliitwa semina Tanga mjini. Kijana nadhifu mwenye kompyuta nyembamba alituonyesha programu ya ushauri nasaha kwenye simu. Nzuri kwa macho, rangi ya bahari, ina picha ya msichana amefumba macho anavuta pumzi. Ili uitumie unatakiwa uwe na smatifoni, barua pepe, njia ya kulipa, na bando la kutosha video ya dakika 50. Maswali yake yalikuwa ya Kiswahili, ila Kiswahili cha mashine. Moja lilimuuliza mgonjwa kama wiki hizi mbili "amejisikia chini". Mwenzetu wa Handeni akanyoosha mkono: "Chini wapi, bondeni?" Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana wa watu hakuelewa tunacheka nini, na nilimwonea huruma, kwa maana alikuja kwa nia njema na tambi zake za chaji.

Lakini mwenzetu wa Handeni hakuwa anatania tu. Katika miaka yangu yote hakuna mgonjwa aliyeingia akaniambia ana sonona. Neno ni zuri, wataalamu wetu wamelisanifu, nalitumia kwenye taarifa. Wagonjwa husema mawazo yamenizidi. Husema moyo unanienda mbio, kichwa kinawaka moto, nasikia uzito, usingizi umenihama. Mzee wa miaka 60 atakueleza vidonda vya tumbo kwa miaka mitatu kabla hajataja kaburi la mwanawe. Ukimpa mzee huyo maswali tisa ya kubonyeza, atabonyeza "hapana" mara tisa, na programu itampongeza.

Sisemi programu zifungwe. Mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, aliye hosteli, mwenye bando na asiyetaka mtu amwone akiingia kwa mwanasaikolojia, zitamfaa, na vijana wengi huandika kwa urahisi mambo ambayo hawawezi kuyatamka. Yupo pia binti wa tarafa yetu anayefanya kazi za ndani Maskati. Hunitumia sauti za WhatsApp baada ya kuosha vyombo vya mwisho, saa sita au saba usiku, na mimi humjibu asubuhi. Bila mtandao huyo asingekuwa na mtu wa kumsikiliza kwa lugha yake. (Leseni yangu ya uuguzi inafika Maskati? Ni swali ambalo ningependa Baraza la Uuguzi na Ukunga linijibu kabla halijanijibu kwa njia nyingine.) Ninachosema ni kwamba fedha za umma zisianzie kwa yule ambaye tayari ana bando.

Tiba ya mazungumzo kwa simu inafanya kazi. Utafiti uliofanyika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kwa sonona na wasiwasi, mazungumzo ya mbali na mtu aliyefunzwa hukaribiana sana na ya ana kwa ana. Programu isiyo na mtu nyuma yake ndiyo ambayo watu huiacha njiani. Nami naamini huyo mtu si lazima awe daktari bingwa. Mabingwa wetu wa magonjwa ya akili ni wachache, wengi wako miji mikubwa, na sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Tukisema tuwasubiri wazaliwe wa kutosha, tutazikana kwanza.

Wazimbabwe hawakusubiri. Mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza kazi yake Mbare, mtaa wa watu wa kawaida jijini Harare, akiwa hana wauguzi wa kupewa wala chumba ndani ya kliniki. Alichopata ni bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaani, na nafasi nje ya jengo. Wakaweka benchi. Bibi anakaa, mgonjwa anakaa, wanazungumza. Hawakuanza na jina la ugonjwa la kigeni. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo mgonjwa wangu yeyote angelielewa kabla hujamaliza kulitafsiri. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 katika kliniki 24: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache sana kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshafika hadi Zanzibar.

Nalipenda lile benchi, ila sitaki mtu atuletee Usambara. Juni na Julai huku ukungu unaingia hadi jikoni na manyunyu hayakatiki. Mgonjwa ukimkalisha nje kuzungumzia huzuni yake atakufa kwa nimonia. Tena kijijini hakuna mpita njia asiyemjua aliyekaa, na atasimama kusalimia, na kuulizia.

Hapo ndipo simu inapotufaa, na ndipo inapokwama. Simu inaweza kumleta mtu aliyefunzwa hadi Mlalo bila basi. Haiwezi kumwondoa mamamkwe chumbani. Nyumba zetu za vyumba viwili hukaa watu saba. Simu moja hutumiwa na mume, mke na mtoto wa sekondari, na jioni mume hupitia namba zilizopigwa. Kwenye simu za wagonjwa wangu jina langu halipo: nimehifadhiwa kama fundi cherehani, kama Mama Vitenge, na mmoja kanihifadhi kama "Usipokee". Hata ukimpa kila mmoja wao smatifoni na bando la mwezi mzima bado hawatakuwa na mahali pa kuongelea. Semina nzima ile ya siku mbili, tulioneshwa slaidi za kila aina, na hakuna iliyouliza mgonjwa atakuwa amekaa wapi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza linahusu ujenzi kuliko teknolojia: katika kila zahanati, chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, kiti, na simu ya mezani au kitochi chenye laini ya zahanati. Mama anaingia zahanati kama kila mama anavyoingia, mtoto akapimwe uzito. Hakuna anayejua amekwenda kwa ajili ya nini. Akishapima anaingia chumba kile, anafunga, anapiga. Zahanati anaweza kwenda kwa miguu, na hakuna kijiji kinachotengewa Jumatano ya wendawazimu.

Nani apokee upande wa pili? Serikali yako tayari inajua namna ya kuendesha namba ya bure. Mjamzito akipata dharura, ndugu anapiga 115, mtu wa mfumo wa m-mama anapokea, dereva wa hapo hapo kijijini anatafutwa, analipwa kwa simu. Hakuna aliyeambiwa apakue kitu. Watoto wana 116. Wizara ina 199. Kitochi cha bei ya kuku wawili kinatosha kuzipiga zote tatu. Fungueni kwenye 199 mlango wa afya ya akili, na nyuma yake wawekwe watu waliofunzwa kusikiliza, wanaojua lini wamkabidhi mgonjwa kwa daktari, na wawepo usiku. Nasisitiza usiku. Sijawahi kupigiwa simu ya kutisha saa nne asubuhi.

Ila kuna jambo moja namba haziwezi, msipoliwekea utaratibu. Mama wa karoti hakuwa anapiga namba. Alikuwa ananipigia mimi. Kama kila Jumatano angepokelewa na sauti mpya, ikamuuliza jina, umri na tatizo lake, asingefika wiki ya tatu. Kupokea simu ya dharura ni kazi moja, tiba ni nyingine, na tiba inataka sikio lile lile. Mgonjwa akishapokelewa mara ya kwanza apewe mtu wake na saa yake, na mtu huyo ndiye ampigie. Hata mkandarasi wa barabara huwa hambadilishi msimamizi kila wiki.

Mwezi Januari 2024 mlizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa nchi nzima. Hao ndio miguu ya huduma hii. Na miguu inahitajika, kwa sababu simu inadanganya. Mwaka juzi nilimfuatilia kijana mmoja kwa simu kwa wiki tatu baada ya kuanzishiwa haloperidoli. Kila nikimpigia: "Poa sista, dawa nakunywa." Nikaridhika. Nilipopanda kumwona nilimkuta anatembea kwa hatua fupifupi kama babu yake, uso umekauka, mate yanamtoka, kikombe cha chai hakishikiki. Dawa alikuwa anakunywa kweli, na ndiyo ilikuwa inamtesa. Kosa lilikuwa langu. Simu haikunionyesha mkono unaotetemeka, wala isingeninusisha gongo, wala kunionyesha kamba ambayo wengine hufungiwa nyumbani. Anayesikia sauti, anayetaka kuwadhuru watu, aliyeacha kula, hao waonekane kwa macho. Mhudumu wa jamii aliyefunzwa siku chache tu angeuona ule mkono siku ya kwanza.

Sasa naomba unisikilize kwa makini, Mheshimiwa, maana jambo linalofuata linaninyima usingizi kuliko vocha zote.

Mama yule alipoongea nami chini ya mparachichi, aliongea kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Na ukipiga namba karibu yoyote ya huduma, sauti ya kwanza unayoisikia inakwambia mazungumzo haya yanarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Ziweke hizo tatu pamoja. Mtu aliyemeza sumu juzi akanusurika, anapiga namba ya serikali kutafuta msaada, na anaambiwa kwamba maelezo yake yatarekodiwa kwa jina lake. Huyo atakata, na mimi ningekata. Tangu nianze kazi nimewashonea watu majeraha nikiwa najua naandika "ameanguka" mahali ambapo hakuna aliyeanguka, kwa sababu ndugu walinisihi polisi wasijue. Sijivunii, wala sijajuta.

Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, alitamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba yao. Ghana walikwishabadili sheria yao mwaka 2023. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 720,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka, na nyuma ya kila mmoja wapo wengi zaidi waliojaribu. Sisi tunawataka hao waliojaribu wapige simu. Muswada ni wa mwenzako wa Katiba na Sheria, nalijua hilo, lakini huduma itakayokufa ni ya wizara yako, mfuate.

Na kumbukumbu zitunzwe wapi? Finland ni nchi ya watu makini. Kampuni yao ya tiba ya mazungumzo, Vastaamo, iliibiwa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta zake, na mwaka 2020 mwizi akaanza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja, maelfu yao, akidai walipe la sivyo atamwaga mtandaoni waliyomweleza mtaalamu. Mwizi alihukumiwa mwaka 2024, zaidi ya miaka sita jela, ila siri zilizomwagika hazizoleki. Marekani, mwaka 2023, Tume ya Biashara iliibana BetterHelp, moja ya kampuni kubwa za ushauri wa mtandaoni, ikalipa dola milioni 7.8 baada ya kudaiwa kupeleka taarifa za watu kwa Facebook na wengine kwa ajili ya matangazo. Hakuna mwizi aliyevunja dirisha hapo. Kijijini kwetu siri ikitoka inafika kanisani, msikitini na gengeni kabla ya jua kuzama. Ya mtandaoni inamsubiri mtoto wako atakapoomba kazi.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Itumieni mapema. Mazungumzo ya tiba yasirekodiwe, liandikwe hilo wazi, na litamkwe kwa Kiswahili chepesi mwanzo wa kila simu badala ya ile sentensi ya kuboresha huduma. Kampuni inayotaka kuingia mkataba na serikali ieleze taarifa zinalala wapi, nani anazisoma, na mgonjwa akitaka zifutwe anafanyaje. Na wale wanaofungua kurasa Instagram wakajiita wanasaikolojia, wakatangaza bei kwa saa, iwepo orodha moja ya waliosajiliwa ambayo mtu anaweza kuitazama hata kwa kubonyeza nyota na alama ya reli, kama anavyotazama salio.

Fedha nitazipitia haraka kwa kuwa wataalamu wake unao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapita tangu 2023. Vitita vyake viitambue simu ya tiba kuwa ni hudhurio kamili, la daktari, la mwanasaikolojia na la muuguzi. MTUHA iongezewe mstari. Mamlaka ya Mawasiliano iwaite watoa huduma za simu wakubaliane namba hiyo isikate salio la mtu, kama ilivyowezekana kwa 115. Kikishaandikwa kwenye kitabu na kulipiwa na bima, hakuna kiongozi atakayemtaka muuguzi ajieleze kwa nini ana simu sikioni.

Kuna watakaokwambia vyumba ni ghali. Kabla ya kuandika barua hii nilikwenda kwenye zahanati ya kijiji cha yule mama. Nyuma ya dirisha la dawa kuna chumba cha stoo. Ndani nilikuta maboksi ya fomu za zamani, mizani ya watoto iliyokatika mkono, ndoo mbili na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Nilikipima kwa hatua: tano kwa nne. Kina dirisha linaloangalia shamba, na hakuna njia inayopita upande ule. Mtandao unashika, nilijaribu. Mlango upo na bawaba zake ni nzima.

Kinachokosekana ni kitasa.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi wa afya ya akili,
Milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga